Tabia ikirithiwa kwa asilimia 50, malezi yanabakiwa na nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Namlea mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 7. Baba yake alikuwa mtu wa ngumi, na mtoto naye akikasirika huwapiga wenzake. Ndugu wananiambia mtoto wa nyoka ni nyoka. Nimesoma pia kwamba ukali hurithiwa kwa asilimia 50. Je, nusu ya tabia yake imeshaamuliwa, na mimi mjomba nimebakiwa na nusu tu?

Jibu: Marahaba. Hapana, namba hiyo haina maana hiyo, na inasikitisha kwamba huwavunja moyo walezi wengi.

Asilimia ya urithi hupatikana kwa kulinganisha watu wengi. Watafiti hupima mapacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao ni karibu sawa kabisa, na mapacha wasiofanana, ambao wanakaribiana kivinasaba kama ndugu wengine wa tumbo moja. Wale wa kwanza wakishabihiana zaidi kitabia kuliko wa pili, tofauti hiyo huhesabiwa kuwa ya urithi. Mwaka 2015, uchambuzi uliokusanya tafiti za zaidi ya jozi milioni 14 za mapacha ulipata wastani wa asilimia 49 kwa maelfu ya sifa za mwili na tabia. Kwa hiyo ulichosoma kina msingi. Ila kinaeleza kwa nini watu wa kundi fulani wanatofautiana. Hakimkati mtoto mmoja vipande viwili.

Chukua vidole. Kuwa na vidole 5 mkononi ni kazi ya vinasaba, lakini wengi waliopungukiwa kidole walikipoteza kwa ajali. Ukipima urithi wa tofauti hizo utapata namba ndogo mno, ingawa hakuna anayefundishwa kuota vidole.

Hata kile kilichorithiwa waziwazi hutegemea mazingira. Mtoto mwenye ugonjwa wa fenilketonuria huzaliwa na kasoro ya jeni inayozuia mwili kuvunjavunja kiambato kimoja cha protini. Kikirundikana, ubongo huharibika. Akigunduliwa mapema na kuwekewa mlo maalumu, akili yake hukua vizuri, na jeni ni ileile.

Sasa turudi kwa mpwa wako. Ngumi hazirithiwi. Kinachoweza kurithiwa ni wepesi wa kuwaka na ugumu wa kutulia baada ya kuwaka. Hapa ndipo ningependa uangalie kwa makini, kwa sababu mtoto wa namna hiyo huwavuta watu wazima wamfokee na kumchapa kuliko mtoto mpole, na akichapwa anajifunza kwamba hasira hujibiwa kwa mkono. Mwili umeita aina fulani ya malezi, malezi nayo yameimarisha kile kilichokuwa mwelekeo tu. Ukiwauliza ndugu zako, watasema ni damu ya baba. Mimi naona mzunguko, na mzunguko hukatwa na mtu mzima.

Katika jamii nzima ni vivyo hivyo. Karibu kila jamii iliyochunguzwa, wanaume huua zaidi kuliko wanawake, na sioni namna ya kuitoa biolojia hapo. Lakini kiwango cha mauaji Ulaya Magharibi kilishuka zaidi ya mara 10 tangu mwisho wa Enzi za Kati hadi karne ya 20, muda mfupi mno kwa vinasaba kubadilika kiasi hicho. Dola na mahakama ziliimarika, na vijana wakafundishwa namna nyingine ya kulinda heshima.

Kwa hiyo usimchape kwa kosa la kupiga. Mtenge na wenzake kwa muda mfupi, kaa naye mpaka atulie, kisha mfundishe la kusema badala ya kurusha mkono, na umsifu kila anapojizuia. Na wakatazeni ndugu wasimwite nyoka mbele yake, maana mtoto hujifunza yeye ni nani kutokana na anavyoitwa. Jambo moja hukuliuliza: amefiwa na mama. Kwa watoto wa umri huu majonzi mara nyingi hutoka kama hasira. Mpe nafasi ya kumzungumzia mama yake, na akiendelea kuumiza wenzake mpeleke kwa mwanasaikolojia wa watoto, umweleze msiba huo kabla ya kumweleza habari za baba.