Anayechekesha na anayechekwa: kwa mnaoanza kuhakiki sitkomu za Marekani

Nilipoanza kuandika uhakiki wa vichekesho vya runinga, kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Nafungua sitkomu ya Kimarekani, yaani kipindi cha vichekesho chenye wahusika walewale kila wiki, nachukua karatasi, nahesabu Weusi wangapi, Waasia wangapi, Walatino wangapi, halafu natoa hukumu. Idadi ikiwa ndogo nakiponda kipindi, ikiwa kubwa nakimwagia sifa. Kwenye makala yangu ya tatu au ya nne hivi, mhariri wangu, mama asiyependa maneno mengi, alinirudishia karatasi ikiwa na swali moja tu pembeni: "Na hao uliowahesabu, wanasema nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekisifu kipindi ambacho mwigizaji Mweusi alionekana karibu kila epizodi. Nilipokirudia nikakuta kazi yake ni kufungua mlango, kushangaa, na kuuliza, "Imekuwaje tena?" Ndipo wenzake wanaeleza, na watu wanacheka.

Haya ninayowaandikia niliyapata baada ya swali lile, na mengi niliyapata kwa kukosea.

Kwanza, mshukuruni aliyetuachia minyambuliko. Cheka, chekesha, chekwa, chekeana: kitenzi kimoja, na ndani yake mna karibu maswali yote ya kazi hii. Nani anachekesha? Nani anachekwa? Nani wanacheka pamoja, na nani kaachwa nje ya kicheko? Msidanganywe na ucheshi wa mhusika. Mtu anaweza kuwavunja watu mbavu dakika 20 nzima huku yeye mwenyewe ndiye anayechekwa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mimi huchora safu tatu kwenye daftari: anayetega, anayefyatua, na kinachonaswa. Kila mzaha ni mtego. Yuko anayeutega kwa swali au kauli, yuko anayeufyatua, na kuna kitu au mtu anayenaswa. Jaribuni na simu moja ya epizodi ya kwanza ya Julia, kipindi cha kituo cha runinga cha NBC kilichoanza Septemba 1968. Diahann Carroll ni muuguzi, mumewe rubani ameuawa Vietnam, na anamlea mwanawe Corey. Anatafuta kazi, yuko kwenye simu na Daktari Chegley, mzee wa Kizungu anayeigizwa na Lloyd Nolan. Julia anaona amwambie mapema kwamba yeye ni Mweusi, lisije likamshangaza siku ya kukutana. Mzee anamuuliza kama amekuwa Mweusi siku zote, au anafuata tu fasheni.

Mzaha mzuri, hata leo unachekesha. Sasa uweke kwenye safu. Anayetega ni Julia, anayefyatua ni daktari. Anayenaswa si Julia, na hilo ni jambo kubwa kwa mwaka ule. Kinachonaswa ni ule wasiwasi wenyewe wa rangi. Lakini angalieni mzigo umekaa wapi. Mwanamke ndiye anayelazimika kujitangaza, kujihami na kusubiri. Mzee anapata kicheko, na juu ya kicheko anapata sifa ya kuwa mtu mwema asiyejali rangi. Suala limetajwa, limechekewa, limefungwa kwa sekunde chache, katika mwaka uleule ambao Martin Luther King aliuawa mwezi Aprili. Mkiandika tu kwamba Julia ilivunja mwiko, mtakuwa mmesema kweli. Mkiandika tu kwamba ilikuwa ya kuwabembeleza Wazungu, nayo ni kweli. Safu tatu zinawapa nafasi ya kuonyesha yote mawili yakitokea ndani ya simu moja.

Mfano mwingine wa haraka. Mwaka 1950 ABC walianza kuonyesha Beulah: Ethel Waters, mwanamke Mweusi, ni mfanyakazi wa ndani anayetatua matatizo ya familia ya Kizungu. Robo karne baadaye, katika The Jeffersons, sitkomu ya familia ya Weusi, yuko Florence wa Marla Gibbs, naye mfanyakazi wa ndani, naye Mweusi. Anayehesabu nafasi za kazi ataandika kwamba hakuna kilichobadilika. Lakini Florence anafyatua. Bosi wake George akijitapa, yeye anamshusha kwa sentensi moja na kuondoka zake jikoni. Kazi ni ileile, kitenzi ndicho kimebadilika.

The Jeffersons ilidumu kutoka 1975 hadi 1985, na inafundisha jambo ambalo mimi nilichelewa kuliona. George ni mbishi, mwenye majivuno, na ana ubaguzi wake mwenyewe dhidi ya Wazungu. Jirani zake Tom na Helen Willis, mume Mzungu na mke Mweusi, anawakejeli kila siku. Mbona basi hatuoni kwamba Weusi wote wamechafuliwa? Kwa sababu hayuko peke yake chumbani. Yupo mkewe Louise, yupo Helen, yupo Florence, na hakuna anayefanana na mwenzake. George ana uhuru wa kuwa mjinga kwa sababu hakubebeshwa taifa zima.

Linganisheni na All-American Girl ya 1994, ya mchekeshaji Margaret Cho, iliyohusu familia ya Wamarekani wenye asili ya Korea. Kilikuwa peke yake hewani. Kwa hiyo kila kicheko kiligeuka kesi: hawa wanatuonyesha hivi, mbona mama anaongea vile, mbona si Wakorea wa kweli. Cho mwenyewe amesimulia jukwaani jinsi wakubwa walivyolalamikia hata uso wake kuwa mnene, akajinyima chakula mpaka figo zikamsumbua. Epizodi 19, basi. Familia nyingine ya Wamarekani wa asili ya Asia haikupata sitkomu kwenye vituo vikubwa mpaka Fresh Off the Boat mwaka 2015. Mkikuta kipindi kilicho peke yake, msikihukumu kama vile kilikuwa na wenzake kumi. Jiulizeni kwanza kwa nini kiko peke yake.

Jambo la pili, na hili ndilo linalowaangusha wengi: kutazama epizodi ya kwanza na kuandika. Sitkomu si filamu. Inaishi miaka, na inabadilika kwa sababu kuna watu studioni wanaocheka. Good Times ilianza Februari 1974 kwenye CBS. Esther Rolle alipopewa nafasi ya mama, Florida Evans, aligoma mpaka familia iwe na baba. Hakutaka kuigiza tena nyumba ya Weusi isiyo na mume. Akapewa John Amos. Familia maskini ya nyumba za serikali Chicago, baba yupo, mama yupo, watoto watatu wenye akili. Msimu wa kwanza ni kazi nzuri sana, mimi bado naurudia.

Halafu kikaja kibwagizo. Jimmie Walker, aliyeigiza mtoto mkubwa J.J., alikuwa na neno lake, "Dyn-o-mite!", na kila alipolitoa ukumbi ulilipuka. Fuatilieni kinachofuata, maana ni utaratibu na si njama. Hadhira inashangilia, kwa hiyo wiki ijayo waandishi wanaliweka tena. Likiwekwa tena, linahitaji mandhari yake: macho yatoke zaidi, kofia, mwendo. Dakika anazopewa J.J. zinatoka mahali fulani, na zinatoka kwa baba, kwa mama, na kwa Michael, yule mdogo mwenye siasa. Rolle na Amos walilalamika hadharani kwamba kijana anageuzwa kikaragosi. Amos akaondolewa, na mwaka 1976 mhusika wake akafa kwa ajali ya gari. Rolle naye akaondoka msimu mzima kabla ya kurudi. Kipindi kilichozaliwa kwa sababu mama alidai baba, kikafika mahali hakina baba wala mama.

Simlaumu Walker, niseme wazi. Aliajiriwa achekeshe, akachekesha. Ila kama ningeandika kuhusu Good Times kwa kutazama msimu mmoja, ningeandika uongo, haijalishi ni msimu upi. Siku hizi nina kanuni: epizodi mbili za mwanzo, mbili za katikati, mbili za mwisho, ndipo nifungue mdomo.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi, ingawa kila mmoja wenu ataandika makala ya Living Single na Friends, najua. Ya kwanza ilianza Agosti 1993 kwenye Fox, marafiki sita Weusi wa Brooklyn, kazi ya Yvette Lee Bowser. Ya pili Septemba 1994 kwenye NBC, marafiki sita Wazungu wa Manhattan. Zote mbili za Warner Bros. Hapo kidole kinawasha kuandika "waliiba". Msiandike. Vijana wanaoishi pamoja si hakimiliki ya mtu. Andikeni mnachoweza kuthibitisha, nacho kinatosha: New York ileile, studio ileile, na Friends ikaenda misimu 10 ambamo mhusika Mweusi aliyekaa kidogo badala ya kupita njia, Charlie wa Aisha Tyler, alifika msimu wa tisa. Mwaka 2022 Marta Kauffman, mmoja wa waasisi wake, alikiri kosa na kuahidi dola milioni 4 kwa ajili ya nafasi ya uprofesa wa masomo ya Afrika na Wamarekani Weusi katika Chuo Kikuu cha Brandeis.

Pia tazameni ratiba, si vipindi tu. Kituo kichanga kinahitaji watazamaji haraka, kinawafuata Weusi waliosahauliwa na wakubwa, kikishanenepa kinawaacha. Fox walikuwa na vipindi vingi vya Weusi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baada ya kupata haki za kuonyesha NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, mwaka 1994 walifuta kadhaa kwa mkupuo, Roc na South Central vikiwemo. Kituo kingine, UPN, wakafuata njia hiyo kwa Moesha na Girlfriends, halafu 2006 UPN na mwenzake The WB vikafungwa kupisha kituo kipya, The CW. Katikati ya hayo, msimu wa 1999, vituo vikubwa vinne vilitangaza vipindi vipya 26 na hakuna hata kimoja chenye mhusika mkuu asiye Mzungu. NAACP, chama kinachotetea haki za Wamarekani Weusi, wakaja juu.

Na hapo kwenye NAACP kuna jambo ambalo mimi bado halijanikalia sawa. Amos 'n' Andy ilianza redioni 1928, Wazungu wawili wakiigiza sauti za Weusi. Mwaka 1951 CBS wakaipeleka kwenye runinga na waigizaji Weusi kweli. NAACP wakapinga, na mimi nikiitazama naelewa kwa nini: mawakili matapeli, wavivu, wajanja wa kijinga. Ikaondoka 1953, na marudio yakasitishwa 1966. Lakini baada yake, sitkomu yenye Mweusi katikati haikupatikana tena hadi Julia, miaka 15. Vituo havikusema "sawa, tutaandika vizuri zaidi." Vilikaa kimya tu. Zamani nilikuwa nikifundisha kisa hiki kama ushindi. Sasa nakifundisha kama swali, na wanafunzi hukasirika, kila mmoja kwa sababu yake.

Someni majina. Mwanzoni na mwishoni mwa kila epizodi kuna majina ya waandishi, waongozaji na watayarishaji, na ninyi mnabonyeza "ruka". Katika I Love Lucy lafudhi ya Kikyuba ya Ricky, mume wa Lucy, inachekwa mara nyingi. Soma majina ukute Desi Arnaz, huyohuyo Ricky, ni mmiliki mwenza wa Desilu, kampuni inayokitengeneza kipindi. Hilo halifuti kicheko, ila linakipa sura nyingine. Katika Good Times malalamiko ya Amos yalikuwa hasa juu ya waandishi: Wazungu wakibuni namna Weusi wanavyoongea nyumbani kwao.

Majina yatawapeleka hata kwenye taa. Mpiga picha Karl Freund alipoipangia I Love Lucy taa mwaka 1951, alimwaga mwanga sawasawa juu ya seti nzima ili kamera tatu zifanye kazi kwa wakati mmoja, na sitkomu zimerithi mwanga huo kwa miongo. Katika Insecure ya Issa Rae, mpiga picha Ava Berkofsky ameeleza kwamba hupendelea ngozi ya waigizaji ipakwe kitu cha kuifanya iakisi mwanga, badala ya kuipigia taa kali. Tazameni tukio la usiku humo ndani, halafu mtafute tukio la usiku la kipindi cha zamani chenye Mweusi mmoja kati ya Wazungu watano. Mtaona nani alipimiwa taa.

Kwa hiyo zoezi la wiki ya kwanza huwa ni bila sauti. Chukueni epizodi yoyote ya Abbott Elementary, kipindi cha Quinta Brunson kilichoanza Desemba 2021, walimu wa shule ya msingi Philadelphia wanaofuatwa na kamera kana kwamba ni filamu ya uhalisia. Zimeni sauti kabisa. Kila mhusika anapoitupia kamera jicho, wekeni alama mbele ya jina lake. Jicho lile ni kufyatua bila neno: anayetutazama anatualika tucheke naye, na aliyeko nyuma ya bega lake ndiye anayechekwa. Mimi mara ya kwanza nilikuwa na uhakika Janine, anayeigizwa na Brunson mwenyewe, ndiye angeongoza. Wekeni alama zenu kabla sijawaambia zangu zilisomaje.