Rimu za inchi 17 zimegomea kalipa za Brembo: spesa, grinda au rimu nyingine?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya 2003. Naishi Iringa, na karibu kila mwezi nashuka Kitonga kwenda Dar. Breki zikipata moto mteremkoni, pedeli inalegea na kuzama. Nimenunua Ilala seti ya Brembo zilizotoka kwenye STI (Impreza yenye nguvu zaidi), kalipa (vibanio vinavyobana pedi kwenye diski) za mbele na nyuma pamoja na diski zake. Za mbele zimefungwa bila shida, lakini rimu zangu za inchi 17, ambazo si za Subaru, hazizunguki kwa sababu spoku zinakwaruza kalipa. Fundi wangu anataka kuweka spesa (kisahani kati ya rimu na habu) ya milimita 5, na isipotosha apige kalipa grinda kidogo. Mwenzake anasema ninunue rimu za STI ya 2006 kisha zitobolewe matundu mapya. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba. Usimsikilize yeyote kati yao, na huyo wa grinda mnyang'anye kabisa funguo za gari.

Swali lako silioni leo mara ya kwanza. Hubadilika jina la gari tu: leo Impreza, jana Altezza, juzi Mark X. Na kila mara chanzo ni kauli ileile ya dukani: "Brembo inataka inchi 17, wewe unazo 17, zitaingia." Ni nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayowamaliza watu. Inchi 17 ni kipenyo cha pale tairi linapokalia rimu, basi. Hakikuambii tumbo la rimu kwa ndani lina nafasi kiasi gani, wala spoku zimeingia ndani kiasi gani kabla ya kufika kwenye habu (kitovu ambacho rimu inafungwa). Ofseti, yaani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu, nayo haikuambii. Nimewahi kuwa na rimu mbili sakafuni, zote inchi 17 kwa upana wa 7.5, ofseti ileile, moja ikapita juu ya Brembo kama imezaliwa nayo, nyingine ikagoma kabla hata nati hazijakaza. Tofauti ilikuwa mgongo wa spoku tu. Kalipa ya mbele ya STI ina pistoni nne, mbili kila upande, kwa hiyo upande wake wa nje umetoka sana kuelekea spoku. Kalipa yako ya zamani, kama ilikuwa ya kuteleza, pistoni zake zote zilijificha upande wa ndani. Tena diski ya STI ni milimita 326 kwa unene wa 30, wakati ile ya WRX haifiki 300.

Sasa, rimu hugusana na kalipa katika sehemu mbili, na watu huzichanganya. Inaweza kugusa kwa spoku, au kwa tumbo. Spesa inasogeza rimu nje, hivyo inasaidia kwenye spoku peke yake. Kama ni tumbo linalogusa juu ya kalipa, weka hata spesa ya milimita 20, utabaki na mkwaruzo uleule na matairi yaliyotoka nje ya bodi. Wewe umesema ni spoku. Umeona kwa macho, au umesikia sauti tu?

Pima hivi. Kanda unga wa chapati uwe mgumu kidogo, bandika vipande kwenye uso wa kalipa na juu ya mgongo wake. Valisha rimu bila tairi, kaza nati zote tano kwa mkono hadi rimu ikae sawasawa kwenye habu, kisha izungushe polepole mzunguko mmoja. Ivue, upime unga uliobaki. Nataka milimita 3 au zaidi kila mahali. Usisahau zile risasi za balansi zinazobandikwa ndani ya tumbo. Gari linaweza kutoka gerejini likiwa salama, ukaenda kufanya balansi, kijana akabandika risasi mbili mahali ambapo kalipa inapita, ukarudi unalalamika kuwa breki zinapiga kelele.

Kuhusu spesa yenyewe, simkatalii mtu spesa. Nakataa ile ya kuchomeka kama washa kubwa, inayouzwa bila mtu kuuliza urefu wa stadi (zile boliti za habu zinazoshika nati). Stadi za Subaru ni milimita 12, uzi wa 1.25. Milimita 5 za spesa zinakuibia mizunguko minne ya nati. Kipimo changu ni kwamba nati iingie uzi wenye urefu usiopungua unene wa stadi, yaani milimita 12, karibu mizunguko kumi. Hesabu kwa mdomo wakati unafunga. Ikiwa nati imekaza kwenye mzunguko wa sita, gari lisitoke. Jambo la pili ni mdomo wa habu. Habu ya Subaru yako ina kipenyo cha milimita 56.1, na rimu inatakiwa ikae juu ya mdomo huo. Rimu za kununua mara nyingi zina tundu la milimita 73.1 ili ziingie magari mengi, kwa hiyo huwekwa pete ya kujazia. Ukiongeza spesa isiyo na mdomo wake, pete inakosa pa kushika, rimu inabaki imeshikwa na nati pekee, na usukani unaanza kutetemeka kwenye kilomita 90. Spesa inayofaa ina mdomo wa 56.1 kwa ndani na inafungwa na stadi ndefu zaidi. Kwa bei ya kazi hiyo yote, mara nyingi unapata rimu sahihi za mtumba.

Niliwahi kupokea gari lililoletwa juu ya lori kutoka njia ya Chalinze. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limeondoka na stadi tatu. Ndani nilikuta spesa mbili zimepandishwa moja juu ya nyingine. Mwenye gari alikuwa analaumu stadi za "kichina". Stadi zilikuwa zake za kiwandani.

Grinda sasa. Kalipa ni bomba la presha lililotengenezwa kwa alumini. Ukikanyaga breki kwa nguvu zako zote, presha ndani yake inaweza kupita bar 100, na kazi yote ya lile daraja linalopita juu ya diski ni kukataa kufunguka. Umelipa pesa nyingi kwa ajili ya ugumu huo, halafu unaukata kwa jiwe la grinda ili kuokoa rimu? Na hakuna anayejua njia za mafuta zimepita wapi ndani. Kuchonga spoku za rimu nako ni uhalifu huohuo, ila nyufa zake huchelewa.

Kutoboa matundu mapya ni hadithi nyingine. WRX yako ina matundu matano kwa PCD (kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu) ya milimita 100. STI kuanzia modeli za 2005 zilihamia 114.3. Tofauti kutoka katikati ni milimita 7 na kidogo tu, hivyo tundu jipya likipigwa karibu na la zamani linakula nyama ya mwenzake, na likipigwa kati ya mawili linaangukia mahali ambapo mhandisi hakuweka unene wa kubeba nati. Huna sababu ya kufika huko. STI za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla ya mabadiliko hayo, zilikuja na rimu za inchi 17 kwa upana wa 7.5, ofseti 53, PCD 100, tundu la 56.1, tena zikiwa zimetengenezwa juu ya kalipa hizohizo ulizonunua. Hizo ndizo za kutafuta. Usimwamini muuzaji kuhusu mwaka: chukua rula, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani. Ukipata karibu 58.8, hiyo ni 100. Ukipata 67.2, rudisha, hiyo ni 114.3.

Breki za nyuma hujaniuliza, ila nakuona unakokwenda. Kule si fungua funga kama mbele. Kalipa za nyuma za STI zinataka mabano yake, na ndani ya diski ya STI kuna ngoma ya breki ya mkono ya milimita 190 wakati viatu vya WRX vimetengenezwa kwa 170. Ukilazimisha, handibreki itakuwa pambo. Kuna diski zilizotengenezwa mahsusi, nje za STI, ndani 170. Usifunge za mbele ukaziacha za nyuma miezi sita ukisubiri pesa, maana mbele itafanya kazi kupita kiasi na mizania ya gari itabadilika.

Hata hivyo, barua yako ilianza na pedeli inayozama Kitonga, na hapo ndipo ninapokosa subira na hawa wauzaji wa seti nyekundu. Gari la kilo 1,400 likishushwa mita 400 na mteremko wowote, nguvu inayotakiwa kuyeyushwa ni sawa na kulisimamisha kutoka kilomita 100 kwa saa mara kumi mfululizo. Gia ya chini ibebe sehemu kubwa ya hiyo. Pedeli kuzama namna hiyo kwa kawaida ni mafuta ya breki yaliyochemka. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya unyevu kiwango chake kinaweza kushuka hadi 155, na mafuta hunyonya unyevu yakiwa yametulia tu ndani ya gari. Yako yalibadilishwa lini? Watu wengi nikiwauliza hunionyesha rangi ya kalipa.

Tena siku hizi kuna makava ya plastiki, mekundu, yameandikwa jina la Brembo, yanabandikwa juu ya kalipa ya kawaida kwa silikoni. Yanazuia hewa, yanapunguza ile nafasi ya spoku, na yakilegea yanaingia kwenye rimu njiani. Mteja wangu mmoja alikuja nayo akitaka nimwongezee mafuta ya DOT 5.1 "yaendane na Brembo".

Na Brembo za kweli nazo hazifupishi kila breki. Kama breki zako za sasa, zikiwa baridi, zinaweza kuamsha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge) kwenye lami kavu, basi katika breki moja ya ghafla kinachokuzuia kusimama mapema ni tairi. Diski kubwa inakupa breki ya kumi iliyo sawa na ya kwanza. Kwa safari zako hilo lina maana, ndiyo maana sikuambii uziuze. Ila anza na mafuta mapya, pedi zenye asili inayojulikana, na matairi yasiyo na umri wa kusoma darasa la tatu.

Kabla hujasafiri na rimu mpya, toa pia ile tairi ya akiba iliyo kwenye buti uijaribu juu ya kalipa, mbele na nyuma. Ile nyembamba ya WRX haipiti juu ya Brembo za mbele. Ni afadhali ugundue hilo ukiwa uani kwako Iringa kuliko usiku katikati ya Mikumi.