Hakuitwa kwenye drafti, na ukoo tayari unagawana mamilioni

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne. Tulihamia Texas kutoka Kigoma mwaka 2009, na ninafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwanangu wa kwanza ana miaka 23. Amemaliza shahada ya uhandisi wa ujenzi mwezi Mei, na amecheza futiboli ya Kimarekani tangu sekondari. Ni mtu mkubwa, kilo 140, anacheza ule mstari wa mbele unaomkinga kwotabeki, yule anayerusha mpira. Mwezi Aprili 2025 tulikaa siku tatu mbele ya televisheni kusubiri jina lake kwenye drafti ya NFL, ambapo timu za ligi kuu ya futiboli hiyo huchagua vijana wapya kwa zamu. Halikutajwa. Jioni ile ile simu ikalia, timu moja ikamchukua nje ya drafti. Shemeji yangu akaandika kwenye grupu la ukoo kwamba mtoto amesaini karibu dola milioni tatu. Tangu hapo silali. Kuna anayetaka ada, kuna anayetaka Noah ya biashara, na baba yake ameshatoa malipo ya kwanza ya kiwanja Kigamboni. Mtoto mwenyewe alipewa bonasi ya dola 8,000, akanitumia 1,000. Wakati huo huo kampuni ya barabara imempa kazi na inataka jibu kabla Julai haijaisha, na kambi ya timu inaanza wiki hiyo hiyo. Nikimwuliza ananijibu, "Mama, niache nijaribu." Wengine wananiambia kuna nafasi maalumu ya Waafrika, kwa hiyo atapita tu. Je, kuna ukweli hapa au mwanangu anapoteza muda? Nimwambie achukue kazi?
Mama Asiyelala, Texas

Marahaba, mama. Na hongera sana, maana sidhani kama kwenye hilo grupu kuna aliyekumbuka kukupa. Kumlea kijana kwa mshahara wa zamu za usiku mpaka akashika shahada ya uhandisi na timu ya NFL ikampigia simu, hayo ni mafanikio tayari, hata asipocheza dakika moja.

Nianze na fedha, kwa sababu ndizo zinazokunyima usingizi. Shemeji yako hakukosea tarakimu. Mchezaji ambaye hakuchaguliwa kwenye drafti husaini mkataba wa miaka mitatu, na kwa mwaka huu wa 2025 jumla yake kweli inakaribia dola milioni tatu. Ila fedha hizo hazijahakikishwa. Mshahara wa mwaka wa kwanza, dola 840,000, hulipwa wiki kwa wiki katika wiki 18 za msimu, kuanzia Septemba, na anayelipwa ni yule aliyemo kikosini wiki hiyo. Akitemwa Agosti, mkataba unaishia hapo, miaka yote mitatu. Kambini atapata chakula, malazi na posho ya wiki. Kwa hiyo mali yote ya mwanao kutokana na mpira kwa leo ni ile bonasi ya dola 8,000, ambayo kodi imeshaimega na wewe umeshapata fungu lako. Hakuna kingine cha kugawana.

Mweleze hivyo baba yake kabla hujamweleza mtu mwingine yeyote, tena mkiwa wawili tu. Kama malipo ya kiwanja yanaweza kurudishwa, ayarudishe sasa. Kama hayarudi, awamu inayofuata ailipe kwa mshahara wake mwenyewe au aache. Mtoto asisikie kabisa kwamba kuna kiwanja kinamsubiri. Anakwenda mahali ambapo kila siku mtu anampima, na hilo peke yake linamtosha.

Sasa nafasi yake. NFL ina timu 32. Drafti ya mwaka huu ilikuwa na majina 257, na baada ya hapo kila timu ilipiga simu zake kujaza kambi. Kambini wanakuwa 90. Ikifika saa kumi jioni, saa za mashariki, Agosti 26, kila timu lazima iwe imebaki na 53. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya vijana elfu moja wanaambiwa waende nyumbani ndani ya siku chache, na wengi wao vyuoni kwao walikuwa mashujaa.

Katika wale 90, wa mstari wa mwanao huwa 15 hivi. Watakaobaki kwenye 53 ni wanane, tisa, mara chache kumi. Watano wanaanza mechi, na wao wanajulikana kabla kambi haijafunguliwa. Wa sita na wa saba mara nyingi ni watu wa uzoefu, au kijana aliyechaguliwa kwenye drafti ambaye timu imeshamwekea fedha na haiko tayari kukiri mapema kwamba ilikosea. Kwa hiyo mwanao anagombea nafasi mbili hivi na watu saba au wanane. Ile bonasi nayo inasema kitu. Timu inapomhakikishia kijana fedha nyingi, maana yake inamtaka abaki. Kwa dola 8,000 inataka kumwona tu, na ikimtema haitaumia.

Kuna jambo moja linalowasaidia watu wa mstari kuliko wachezaji wengine. Kanuni inairuhusu timu kuvalisha wachezaji 48 siku ya mechi, lakini kwa sharti kwamba wanane kati yao wawe wa mstari huo. Isipofikisha wanane, inavalisha 47. Kwa hiyo kila kocha anahitaji watu wawili watatu wa akiba wanaoweza kuziba pengo lolote. Mchezaji mzuri kidogo anayejua nafasi moja tu hupitwa na mwenzake wa kawaida anayeweza kucheza senta, yule wa katikati anayeanzisha mpira, leo na pembeni kesho. Mwulize mwanao kama ameshajifunza kumpasia kwotabeki mpira kama senta. Akikujibu kwamba anakaa uwanjani jioni na kwotabeki wa akiba wakirudia pasi hizo mmoja mmoja, jua mtoto ameelewa mchezo unakwendaje.

Halafu lipo daraja la pili ambalo ndugu zako hawalijui. Baada ya mchujo, kila timu huunda kikosi cha mazoezi cha watu 16. Hao hufanya mazoezi na wenzao wiki nzima, na huweza kupandishwa kwa mechi kukiwa na majeruhi. Mwaka huu kima cha chini kwa kijana kama wako ni dola 13,000 kwa wiki. Ni fedha nzuri, lakini timu inaweza kumwondoa Jumanne yoyote, kwa hiyo zihesabiwe baada ya kuingia benki. Ukiniuliza mimi, kuingia kwenye 53 mwaka huu ni jambo ambalo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kutotokea. Kuingia kikosi cha mazoezi, kwake au kwa timu nyingine itakayomwona Agosti, hilo naliona linawezekana, na ndilo ningeliombea.

Hiyo nafasi ya Waafrika, waambie waiache. Upo mpango wa wachezaji wa kimataifa ulioanza mwaka 2017, na timu inaweza kuongeza mtu wa 17 kwenye kikosi cha mazoezi kwa ajili yake. Lakini ni kwa waliokulia nje ya Marekani na Kanada. Mwanao alisoma sekondari Texas tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kwa kanuni zao ni mchezaji wa hapo hapo. Pengine ndugu wanamkumbuka Mkenya Daniel Adongo, mcheza raga aliyesajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013. Yule alitoka raga moja kwa moja, ni njia nyingine kabisa.

Watakutajia na mifano mingine, nawe ujue namna ya kuipokea. Jeff Saturday hakuchaguliwa mwaka 1998. Baltimore Ravens walimsajili kisha wakamtema, akaenda kufanya kazi kwenye duka la vifaa vya umeme huko Raleigh. Rafiki yake wa chuo, aliyekuwa Colts, ndiye aliyekwenda kumsemea kwa mkuu wa usajili, na mwaka 1999 akapewa nafasi. Akawa senta wa Peyton Manning kwa zaidi ya miaka kumi na akashinda Super Bowl, yaani fainali ya NFL. Jason Peters hakuchaguliwa mwaka 2004, Buffalo Bills wakamweka kwanza kikosi cha mazoezi, wakambadilishia nafasi, na baadaye akaitwa Pro Bowl, heshima ya nyota wa ligi, mara tisa. David Andrews hakuchaguliwa mwaka 2015 na msimu ule ule akawa senta wa New England Patriots. Ninavipenda visa hivi kwa dhati, kwa sababu vinaonyesha kwamba maskauti, yaani wasaka vipaji wa timu, hukosea, na kwa watu wa mstari hukosea zaidi kidogo, maana kazi yao haina magoli wala takwimu za kumwonyesha mtu wa nje. Lakini majina haya yanarudiwa kila mwaka kwa sababu ni machache. Usimwekee mtoto kipimo cha Jason Peters.

Nimwambie achukue kazi? umeuliza. Hapana, mama, asiikatae timu. Mwaka ujao kampuni za barabara zitakuwepo na zitahitaji wahandisi. Mlango wa NFL ukifungwa kwa kijana aliyekataa kwenda kambini, haufunguki tena. Ila na kazi asiitupe. Aiandikie kampuni wiki hii, yeye mwenyewe na si wakala wake, aseme ukweli wote: amesajiliwa na timu, atajua hatima yake Agosti 26, na anaomba tarehe ya kuanza isogezwe hadi Septemba, au hadi Januari akipata kikosi cha mazoezi. Wamarekani wanaipenda futiboli, mama. Meneja wa Texas atakayesoma barua hiyo kwa hasira sijui yuko wapi. Na wakikataa, basi wamekataa, shahada ni yake, hakuna wa kuifuta.

Mpe misimu miwili. Nasema miwili kwa sababu watu wa mstari hukomaa polepole, nguvu za kiuno na ujanja wa mikono huja na umri, na kocha hawezi kumjua mtu kwa kambi moja. Mwaka huu akikosa, zipo ligi ya Kanada na ile ndogo ya Marekani, UFL, inayochezwa majira ya kuchipua, na huko maskauti hutazama. Lakini Agosti ya 2026 ikipita bila timu, hapo muulize kwa upole kama yuko tayari kushika kazi yake. Mkubaliane sasa, kabla hajafunga begi, ili siku hiyo isiwe vita.

Kabla ya msimu kuna mechi tatu za majaribio mwezi Agosti. Utazitazama, najua. Usiufuate mpira. Mtafute yeye kwa namba yake, na uangalie mguu wake wa kwanza mpira unapotoka chini: ukitua haraka na mgongo ukabaki umenyooka, amefanya kazi. Angalia pia wanamwingiza lini. Akiingia robo ya pili pamoja na wale wa akiba ya kwanza, au ukimwona anahamishwa kutoka kulia kwenda katikati, furahi. Akiingia dakika tano za mwisho tu kwenye mechi zote tatu, anza kujiandaa moyoni, na usimpigie kumwuliza kwa nini.

Kuhusu grupu la ukoo, usibishane na mtu. Baba yake aandike ujumbe mmoja, maana kwetu neno la baba halirudishwi kirahisi: kijana yuko kwenye majaribio, hajaanza kulipwa mshahara, akianza tutawaambia sisi wenyewe, na namba yake ya simu asipewe mtu. Mwenye shida ya ada kweli, mumsaidie kwa uwezo mlionao ninyi wazazi, kama mlivyokuwa mkifanya kabla ya Aprili.

Agosti 26 omba ruhusa usiende zamu. Kutemwa kwenyewe ni kwa haraka na kwa ukavu: mfanyakazi wa timu anamgusa bega au anampigia simu, anaambiwa kocha anamwita, aje na tableti yake yenye mbinu za timu. Dakika chache baadaye yuko nje na mifuko yake. Halafu anasubiri mpaka kesho yake mchana kuona kama timu nyingine itaomba kumchukua. Saa hizo atakupigia wewe kwanza. Usimwambie "si nilikuambia", wala usimtajie Jeff Saturday. Mwulize amekula nini na analala wapi, mengine yatakuja.

Na neno la afya, ambalo wazazi wengi hulisahau. Watoto wa daraja lake huficha maumivu kambini wakiogopa kutemwa. Mwambie kila goti au bega linalouma aliripoti kwa daktari wa timu na liandikwe siku hiyo hiyo. Mchezaji aliyeumia kazini timu haiwezi kumwacha hivi hivi, inapaswa kumtibu na kumlipa au kufikia makubaliano naye. Lakini akitoka akiwa ametia saini kwamba yuko mzima, anajifungia njia. Asitie saini karatasi yoyote ya kuondoka kabla hajaongea na wakala wake na chama cha wachezaji, NFLPA. Yeye ni mwanachama, na simu hiyo ni haki yake.