Nyimbo za asili za Pakistani hazikuanzia studio

Ndugu mwanajukwaa, umeuliza kama ni kweli kwamba nyimbo za asili za Pakistani ziliingia katika muziki wa kisasa kupitia Coke Studio, kipindi cha muziki cha televisheni kilichoanza nchini humo mwaka 2008. Kwa maoni yangu, kipindi hicho kiliziongezea wasikilizaji, hasa vijana, lakini njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Mwaka 1990 Nusrat Fateh Ali Khan, bingwa wa kawali, yaani nyimbo za ibada za Kisufi, alitoa albamu ya Mustt Mustt akishirikiana na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, na katika muongo huohuo bendi ya Junoon ilichanganya magitaa ya roki na mashairi ya masufi kama Bulleh Shah.

Mfano ninaouthamini kuliko yote ni wimbo wa Kipunjabi wa Jugni, ambao Arif Lohar na Meesha Shafi waliuimba katika Coke Studio mwaka 2010. Arif ni mtoto wa Alam Lohar, aliyefariki mwaka 1979 baada ya kuupatia umaarufu mkubwa wimbo huo pamoja na chimta, yaani koleo refu la chuma lenye vibati vinavyolia kila linapogongwa. Chimta ya aina hiyohiyo imo mkononi mwa Arif katikati ya magitaa ya umeme, wala haikuwekwa kama pambo, kwa kuwa mdundo wake unasikika waziwazi. Nakusihi sana usikilize kwanza rekodi za baba, kisha za mwana.