Kisa kizuri hakitoshi: kwa wanaoandika riwaya

Nimesoma muswada wa kijana mmoja wa hapa Lindi ambaye kisa chake ni kizuri kuliko riwaya nyingi zilizochapishwa. Mhusika wake ni mpagazi wa Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba kilimani pale mifupa ya dinosaria, na watu wetu wakaibeba kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Leo mmoja wa wanyama wale amesimamishwa Berlin, kimo zaidi ya mita 13. Na vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha 1907 tu. Mtu aliyenusurika na njaa ya vita ile anamchukulia mzigo Mjerumani yuleyule! Nani asingetaka kusoma?

Lakini kusoma kulinishinda, nikawa najilazimisha. Tazama sentensi ya namna hii: "Mpagazi yule, ambaye moyo wake ulikuwa umegubikwa na huzuni isiyo na kifani, aliutazama kwa uchungu mkubwa mzigo ule mzito uliokuwa ukimsubiri." Huzuni, uchungu, uzito, vyote nimeambiwa, na sijaona hata kimoja. Jaribu hivi: "Akasokota ngata kwa kanga ya marehemu mkewe, akainama, wakamtwika." Huzuni imo humo humo, wala haikutajwa.

Nadhani tatizo linaanzia kwenye insha za shule, ambako tulipewa alama kwa misemo na maneno mazito. Riwaya haisahihishwi. Msomaji akichoka anafunga kitabu.

Mazungumzo nayo yaliniumiza zaidi. Boheti bin Amrani, mnyapara mkuu wa uchimbaji ule, alikuwa mtu halisi. Kwenye muswada anahutubia kuhusu dhuluma ya ukoloni kama yuko jukwaani. Watu waliotembea tangu alfajiri na mizigo kichwani wataulizana maji yako wapi, nani amebaki nyuma, posho italipwa lini. Waache waongee hayo. Ukoloni utaonekana kwenye posho.

Ukiwa na muswada wa aina hii, usitupe kisa. Msomee mtu kwa sauti, hasa asiyependa vitabu. Pumzi ikikukatika katikati ya sentensi, ikate hapo. Akianza kuchezea simu, weka alama pembeni. Kisha pitia kila "ambaye" na kila sifa iliyobandikwa kwenye nomino, uone ni ngapi zinafanya kazi. Na uwaulize wazee wa Kimwera safari za miguu zilikuwaje: walikula nini, walilala wapi, bega likichubuka walipaka nini.

Huyo kijana nimemwomba aziweke kando sura zote na aandike siku moja tu, tangu mpagazi anapotwikwa hadi anapotua mzigo jioni. Ataniletea, na nitasoma usiku huohuo.