Leseni ya bangi ya Colorado na ombi la uraia

SWALI

Shikamoo wakili. Mimi ni Mtanzania, naishi Aurora, Colorado, na mume wangu na watoto wawili. Tuliingia kwa bahati nasibu ya viza, tuna grini kadi, na mwakani nategemea kuomba uraia. Nimepata kazi ya kufungasha kwenye ghala la kampuni inayolima bangi kwa leseni ya jimbo. Sivuti na sitauza. Kazi yangu ni kupima, kutia kwenye vikopo na kubandika lebo. Mshahara unazidi ule wa hotelini ninakosafisha vyumba sasa. Kampuni inalipa kodi mpaka ya serikali kuu, na mimi nitakatwa kodi hiyo hiyo. Rafiki yangu anasema kazi hii itaniharibia uraia. Serikali inakupaje leseni halafu ikuadhibu? Tena Desemba nataka kwenda Tanga kumwona mama, anaumwa.

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa kuuguliwa. Rafiki yako amekuambia kweli. Usiichukue kazi hiyo kabla hujala kiapo cha uraia.

Umeuliza serikali inakupaje leseni halafu ikuadhibu. Hizo ni serikali mbili, na wewe kwa kuwa umetoka kwetu utalielewa hili upesi. Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi na inatunga sheria zake, lakini uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano. Hata Baraza lingepitisha nini, pasipoti haitoki huko. Colorado nayo iko hivyo. Wapiga kura wake walipitisha Marekebisho ya 64 ya katiba ya jimbo, yanayoruhusu bangi, Novemba 2012, na maduka yakafunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Mtu wa miaka 21 anaruhusiwa kuwa na wakia 2, yaani karibu gramu 56. Lakini kwenye sheria ya shirikisho, yaani ya serikali kuu, ya mwaka 1970 bangi iliwekwa daraja la kwanza la dawa zinazodhibitiwa, lile kali kuliko yote, pamoja na heroini, na kura ya Colorado haikuigusa sheria hiyo. Mwaka 2005, katika kesi ya Gonzales na Raich, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba serikali kuu inaweza kukataza hata bangi ambayo mgonjwa ameilima nyumbani kwake kwa ruhusa ya jimbo.

Maduka yako wazi kwa sababu serikali kuu haina nguvu ya kuwaamuru polisi wa jimbo wasimamie sheria yake, na yenyewe haijaamua kwenda kuyafunga. Kutokushtakiwa si ruhusa. Raia anaweza kuishi miaka yote katika nafasi hiyo na asiguswe. Wewe huwezi, kwa sababu kuna siku utaketi mbele ya afisa wa serikali hiyo hiyo kuu na kumwomba kitu.

Sasa nikueleze jambo ambalo wengi hawalioni, nalo ndilo linalonitia hofu kwa watu wetu. Jimbo likisimamia vizuri, ushahidi dhidi ya asiye raia unakamilika zaidi. Colorado inasimamia vizuri sana. Msimamizi ni kitengo kilichoko ndani ya Idara ya Mapato, watu wa hesabu na kumbukumbu. Mmea una kibandiko chenye namba yake, na unafuatwa kwenye mfumo unaoitwa Metrc kuanzia shambani hadi kaunta ya duka. Bidhaa za kula zina kikomo cha miligramu 10 za THC, kile kiini cha bangi kinacholevya, kwa kipimo kimoja na miligramu 100 kwa pakiti, na kila kipande kinapigwa alama yake. Mfanyakazi anachunguzwa rekodi ya jinai, anapewa leseni yake na beji yenye picha ya kuvaa kazini.

Sheria hizi ni nzuri, na nazitetea. Zinazuia mtoto kula peremende asiyoijua, na zinamwezesha mkaguzi kujua gramu gani imepotea na imepotelea wapi. Lakini mama mmoja aliwahi kuketi ofisini kwangu, akatoa beji yake kwenye pochi na kuiweka mezani kwa fahari, kama mtu anayeonyesha cheti cha shule. "Hii ni ya serikali, wakili." Kwenye macho ya sheria ya uhamiaji beji ile ilikuwa maelezo kamili: jina lake, picha yake, na kazi aliyofanya. Nilishindwa niseme nini kwanza.

Ukijaza fomu N-400, yaani ya kuomba uraia, utaandika kazi zako zote za miaka 5. Mbele yake kuna swali kama umewahi kuzalisha, kusambaza au kuuza dawa zinazodhibitiwa kinyume cha sheria ya jimbo, ya Marekani au ya nchi nyingine. Zingatia neno "au": kufuata sheria ya jimbo peke yake hakutoshi. Tarehe 19 Aprili 2019, USCIS, idara ya serikali kuu inayoshughulikia maombi ya uraia, ilitoa mwongozo wa wazi kwamba kujihusisha na bangi, ikiwemo kuajiriwa kwenye biashara hiyo, kunaweza kumfanya mwombaji aonekane hana mwenendo mwema, ambao ni sharti la uraia, hata pale jimbo linaporuhusu. Kupima na kubandika lebo ni kuajiriwa. Mwezi huo huo Michael Hancock, aliyekuwa meya wa Denver, jirani zenu, alimwandikia Mwanasheria Mkuu wa Marekani kuwalalamikia wakazi wawili, mmoja mzaliwa wa El Salvador na mwingine wa Lithuania, ambao kazi halali ya jimbo ilikuwa imewaziba njia ya uraia. Meya mwenyewe hakuwa na uwezo wa kufanya zaidi ya kuandika barua.

Kuhusu kodi, sheria ya kodi haiulizi pesa imetoka wapi. Serikali kuu inaitoza biashara ya bangi kodi ya mapato, na papo hapo kifungu cha 280E cha sheria hiyo, cha mwaka 1982, kinainyima haki ya kutoa gharama za kawaida kama pango na mishahara ya wauzaji. Kwa hiyo kukatwa kodi hakukusafishii chochote.

Mume wako naye asome hapa. Sheria ya uhamiaji inamzuia kuingia nchini mtu ambaye afisa ana "sababu ya kuamini" kwamba ameshiriki biashara ya dawa zinazodhibitiwa au ameisaidia, bila hukumu yoyote ya mahakama. Inaweza kumgusa pia mume, mke au mtoto aliyefaidika na pesa hizo ndani ya miaka 5 huku akijua zinatoka wapi. Yaani mshahara wako unaweza kumfuata na yeye.

Safari ya Tanga ndiyo ingenikosesha usingizi zaidi kama ungekuwa umeshaanza kazi. Mwenye grini kadi akirudi kwa kawaida hahesabiwi kuwa anaomba kuingia upya. Lakini akiwa ametenda kosa la aina hii, anaweza kuhesabiwa hivyo pale pale uwanja wa ndege, baada ya saa nyingi angani, na simu yake yenye picha za kazini inaweza kupekuliwa.

Ipo nafuu moja, nayo ni nyembamba. Anayetakiwa kufukuzwa nchini kwa kosa moja tu la kukutwa na bangi ya matumizi yake mwenyewe, isiyozidi gramu 30, anasamehewa. Pima hapo: jimbo linakuruhusu gramu 56, msamaha wa shirikisho unaishia 30, na kazi ya ghalani haimo kabisa ndani yake.

Utasikia pia kwamba bangi inashushwa daraja. Pendekezo la kuipeleka daraja la tatu lilitolewa rasmi Mei 2024. Lisikupe moyo kwa jambo lako. Dawa ya daraja la tatu bado ni dawa inayodhibitiwa, na vifungu vya uhamiaji nilivyokutajia havichagui daraja.

Kwa hiyo baki hotelini kwa sasa, au tafuta ghala la bidhaa nyingine. Ukiulizwa na afisa yeyote kuhusu bangi, usidanganye, maana uongo kwenye fomu ya uraia ni kosa lake lenyewe. Lakini pia usianze kusimulia. Una haki ya kusema utajibu ukiwa na wakili wako. Futa mazoea ya kupiga picha mbele ya maduka hayo, hata kama ni mzaha wa marafiki.

Na kama ulishaanza, hata kwa wiki moja ya majaribio, niambie ukweli wote kabla hujanunua tiketi. Njoo na kadi yako, pasipoti, hati za mshahara na karatasi yoyote uliyosaini kule. Mama yako anakusubiri Tanga, na tunataka uende na urudi salama kwa wanao.