Usilipe hiyo ada ya deikea ya mwaka mzima, uliza Juni na Desemba kwanza

USILIPE. Kama hela bado iko kwenye simu, iache huko huko.

Nimesoma uzi wako, mdogo wangu. Mtoto ana mwaka na miezi minne, unamlea peke yako, unakaa Nkuhungu hapa Dodoma na kazi iko Mji wa Serikali, Mtumba, kwenye ofisi za wizara. Umepata deikea, kituo cha kulelea watoto mchana, jirani na nyumbani, ada 1,500,000 kwa mwaka, ukilipa yote kabla ya tarehe 30 wanakukata asilimia 10, unatoa 1,350,000. Unauliza kama punguzo hilo ni la maana, kama bora kituo cha karibu na nyumbani au na ofisi, kama umwondoe dada wa kazi ubane matumizi, na mtoto wa umri huo abebewe chakula gani. Halafu ukaandika kwa furaha kabisa: "wameniambia hawafungi, ni mwaka mzima." Hapo ndipo damu iliponichemka.

Sentensi hiyo na mimi niliuziwa, na mimi ni mhasibu. Ndiyo, mhasibu, wa kufunga hesabu za watu. Cheka umalize, tuendelee.

"Mwaka mzima" kwenye mdomo wa mwenye shule maana yake mihula miwili. "Hatufungi" maana yake ofisi ya kupokea ada haifungwi. Yule dada wa mapokezi mwenye tabasamu hajakuongopea hata neno moja kwa lugha yao, na ndiyo maana ukirudi Desemba na stakabadhi mkononi huna pa kumshika. Anakuangalia kama wewe ndiye mgeni wa nchi hii: "Mama, si likizo jamani?"

Chukua kalkuleta. Mwaka una siku kama 260 za Jumatatu hadi Ijumaa. Toa sikukuu zinazoangukia katikati ya wiki, weka 13, wewe unabaki na siku 247 za kwenda kazini. Kituo kinachofuata kalenda ya shule kinafundisha siku 194. Tofauti ni siku 53. Likizo yako ya mwaka ni siku 28, lakini hizo ni za mfululizo, Jumamosi na Jumapili zimo ndani, kwa hiyo zinakuokoa siku 20 tu za kazi. Bado siku 33. Hizo ni wiki sita na nusu ambazo wewe unatakiwa Mtumba saa 1:30 asubuhi na mlango wao una kufuli. Hapo sijagusa siku atakazorudishwa kwa homa, macho mekundu au tetekuwanga.

Sasa lirudie lile punguzo. 1,500,000 kwa siku 247 ni kama shilingi 6,070 kwa siku. 1,350,000 kwa siku 194 ni kama 6,960. Umepunguziwa bei hadi ikapanda! Halafu tafuta mtu wa kumkalia mtoto zile siku 33 kwa dharura. Ukimpata wa elfu kumi kwa siku, hiyo ni 330,000, wakati punguzo lenyewe lilikuwa 150,000. Hesabu ya darasa la tano hii, na kuna watu wenye CPA, cheti cha juu cha uhasibu, wameishindwa, tusitajane.

Ubaya zaidi ni zile siku zinapoangukia. Shule zinafunga mwanzoni mwa Juni hadi mwanzoni mwa Julai. Kwa mtu wa wizarani Juni ni mwezi gani? Bunge la Bajeti liko hapa hapa mjini, bajeti kuu inasomwa katikati ya mwezi, na mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30. Andika barua ya likizo ya Juni uone bosi wako atakavyoikunja. Likizo ndefu ya pili inaanza mwanzoni mwa Desemba hadi wiki ya pili ya Januari. Na Dodoma mvua yetu ni moja kwa mwaka, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Mvua ikinyesha Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa au Manyoni, dada wa kazi anaitwa nyumbani kupanda mtama na alizeti. Anaunganisha na Krismasi, na wengi wakienda hawarudi. Mei na Juni anaitwa tena, safari hii kuvuna. Kwa hiyo kituo na dada wanakukimbia miezi ile ile. Kwa mtu mwenye mume nyumbani au bibi wa mtoto ni usumbufu. Kwako wewe ni barua ya onyo kazini.

Na hapa niseme. Wanaokushauri humu "lipa tu ya mwaka mzima uondokane na kero" wengi wana mama mkwe Kizota au mdogo wao aliyemaliza kidato cha nne anasubiri matokeo. Hao kituo kikifungwa hawajui hata kama kimefungwa. Ushauri wa namna hiyo nilishaula na ulinikaa kooni. Mwenye bibi nyumbani asitushauri sisi singo maza habari za ada, ashauri mapishi.

Kwa nini wanafunga wakati wewe umelipa? Kwa sababu wafanyakazi wao nao wana haki ya siku 28. Kituo makini kinawapangia kwa zamu mwaka mzima na kumlipa wa kuziba nafasi. Kituo kinachobana hela kinawatoa wote kwa mpigo Desemba. Halafu watoto wengi wanasafiri na wazazi, wanabaki saba au wanane, na hao hawamlipi mpishi, mlinzi na walezi wawili. Hapo ndipo unasikia "tunapaka rangi".

Sasa fanya hivi kabla hujatoa hata shilingi. Ingia ofisini kwao uangalie cheti kilichotundikwa ukutani kimetoka wapi. Kituo cha kulelea watoto mchana kinasajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri anakijua. Ukikuta usajili wa Wizara ya Elimu peke yake, hiyo ni shule, hata kama ukutani wamechora bata na Mickey Mouse, na shule inafuata mihula. Ukikuta hakuna cheti kabisa, toka. Ila cheti cha ustawi nacho hakitoshi, kwa sababu wapo wenye cheti hicho wanaofunga kama shule.

Kwa hiyo omba daftari la mahudhurio. La mwaka jana, fungua wiki ya tatu ya Juni na wiki ya tatu ya Desemba. Kama kurasa hizo zina vema za watoto, unaongea na kituo cha mwaka mzima. Zikiwa nyeupe, au wakisema daftari "liko kwa mkurugenzi", umeshajibiwa. Ukitoka nje nunua maandazi kwa mama wa genge lililo mbele ya geti na umuulize, kama mtu asiye na haraka, kama Desemba hapa huwa kuna watoto. Mama huyo anajua kuliko tovuti yao, maana watoto wasipokuwepo maandazi yake hayatoki. Mlinzi pia anajua, ila mlinzi ana bosi.

Wakikwambia tuna "huduma ya likizo", usishangilie bado. Uliza vitu vinne. Ni ndani ya ada au inalipiwa kwa siku, na shilingi ngapi? Wakibaki watoto watano mtafungua au mtanipigia Jumapili usiku? Mlezi wa mwanangu akiwa likizo, anakaa naye nani? (Mara nyingi jibu la kweli ni mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aliyefika wiki hiyo.) La nne, watoto wa shule ya msingi nao wanaletwa likizo? Wa miaka saba na minane wakichanganywa chumba kimoja na mtoto anayejifunza kutembea, anakanyagwa, na mlezi anaishia kuamua ugomvi wa mpira badala ya kumwangalia aliyeokota kifuniko cha soda akakiweka mdomoni. Mimi kwa watoto wa chini ya miaka miwili nikiona mlezi mmoja na zaidi ya wanne nageuza.

Majibu yote yawe kwenye karatasi. Lipa kwa mwezi, ikishindikana robo mwaka, hata kama punguzo linapotea. Ile ada ya kujiandikisha hairudishwi karibu kila mahali, kwa hiyo itoe ya mwisho. Kwenye fomu ya kujiunga iandikwe kwa mkono kama haijachapwa: "ada hii inahusu miezi 12 ikiwemo Juni na Desemba, siku za kufunga ni hizi zifuatazo," tarehe zifuate, saini na muhuri. Bila hiyo utapata tangazo la kufunga kama wengine wote wanavyopata: karatasi iliyokunjwa ndani ya begi chini ya kontena la chakula, imelowa uji, wiki moja kabla. Wakati huo kila mama jirani anayekaa na watoto ameshachukuliwa.

Kuhusu dada wa kazi, usimwondoe sasa. Kaa naye mweke tarehe zake. Yeye pia ni mwajiriwa, ana siku zake 28 kisheria na kiwango cha chini cha mshahara ambacho ofisa kazi wa mkoa atakutajia kilivyo leo. Kinachomvuta Desemba mara nyingi ni shamba la wazazi, siyo wewe. Ukichangia hela ya vibarua wa kulima na kupanda kwao, ikatumwa kwa mzazi mwenyewe mwezi Novemba, anaweza kwenda wiki moja ya sikukuu akarudi, na likizo yake ndefu akaichukua Agosti shule zikiwa wazi. Ongea na mzazi wake kwa simu, siyo na dalali aliyekuletea. Dalali anapata hela kila dada anapohama, kwa hiyo usitegemee akusaidie dada atulie. Hao nao, Mungu anawaona.

Mama jirani wa akiba mtafute kabla ya Pasaka kwa ajili ya Juni, na mwezi wa kumi kwa ajili ya Desemba. Umlipe siku mbili kila mwezi hata kama humhitaji, mtoto amzoee na yeye asikusahau. Ukimpelekea mtoto mgeni kwa mara ya kwanza asubuhi ya siku ya bajeti, atalia hadi saa sita, mama atakupigia simu mara nne, na wewe uko kwenye kikao simu imezimwa.

Karibu na nyumbani au na ofisi? Nkuhungu uko magharibi, Mtumba ni kilomita kama 17 mashariki ya mjini, unavuka jiji zima. Ofisi inafungwa saa 9:30 kwenye makaratasi, kwenye Bunge la Bajeti unaijua mwenyewe. Wakifunga geti saa 11 jioni, cha karibu na nyumbani kinakutaka uwe na mtu wa pili mwenye kibali cha kumchukua mtoto, jina lake na picha viwe kwenye faili lao. Lakini hilo ni dogo. Ukiwa na kituo kizuri mlango wa pili na Juni kimefungwa, ujirani wake unakusaidia nini?

Fanya hivi Jumatatu. Watumie ujumbe wa maandishi, usipige: "Habari za kazi. Naomba orodha ya siku zote ambazo kituo hakitapokea watoto mwaka huu, na kama Juni na Desemba mtoto wa mwaka mmoja anapokelewa, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi na kwa gharama gani." Wakikupigia simu badala ya kuandika, pokea, sikiliza vizuri, shukuru, kisha waombe waliyoyasema wayaandike pale pale chini ya ujumbe wako. Na usilipe hadi waandike.